Viatu vya Wageni wa Baba

Harufu ya kaki iliyotiwa wanga wa muhogo, ikipigwa pasi ya mkaa, hiyo wenzangu hainipiti hivi hivi. Mwezi uliopita nilipita kwa dobi mmoja wa kizamani ambaye mpaka leo hajauamini umeme. Moshi wa mkaa ukanijia pamoja na ule utamu wa wanga unaoungua kidogo, nikasimama palepale barabarani. Dobi akaniuliza kama nimepotea. Nikamwambia sijapotea, nimefika kwetu. Akanitazama vile vijana wanavyotutazama sisi wazee siku hizi.

Kwetu ni Ngamiani, mjini Tanga, katika duka la baba yangu, Fundi Athumani. Lilikuwa na cherehani moja, meza ya kukatia, benchi moja, mkeka, na pasi nzito ambayo nilikatazwa kuigusa na niliigusa kila siku. Miaka ya hamsini ilikuwa imefika katikati. Nilikuwa katika umri wa kujiona mkubwa, na kichwani sikuwa na kitu kingine ila skauti.

Kundi letu la skauti lilianzishwa shuleni na Mwalimu Mhina. Alikuwa Mbondei wa upande wa Muheza, Mkristo, mwembamba, mwenye kaptula ya kufika magotini na soksi zilizovutwa juu mpaka zinakaribia kupeana salamu na kaptula. Alitufundisha kufunga mafundo kwa kamba za katani, kuwasha moto kwa kijiti kimoja cha kiberiti, na kutembea juu ya majani makavu bila kusikika. Baba alimpenda, maana kaki zote za kundi zilishonwa kwake. "Yule mwalimu ni mtu," alikuwa akisema huku akikata kitambaa, na baba yangu hakuwa mwepesi wa kusifu watu.

Mapenzi hayo yaliingia nyufa kwa sababu ya mkono. Skauti husalimiana kwa mkono wa kushoto, na Mwalimu alitueleza kwamba huo ndio ulio karibu na moyo. Mimi nikaona isiwe tabu. Jioni akaja Ami Bakari, mdogo wake baba, kuli wa bandarini, mtu wa maneno mengi na asiyemwamini hata paka wake. Nikakakamaa, nikasema shikamoo, nikampa kushoto.

Ami akaurudisha wake nyuma. "Athumani! Mwanao ananipa mkono wa chooni!"

Mama alitoka ndani akisema astaghfirullahi, akanivuta mpaka kwenye mtungi, akaninawisha mikono yote miwili, na wa kulia ulikuwa haujakosa kitu. Huku nyuma nilimsikia Ami akisema, "Leo mkono wa kushoto. Kesho utaambiwa jina lake ni Petro." Baba alicheka. Lakini alicheka kidogo tu, akarudi kwenye mashine yake.

Inabidi niwaeleze hali ya siku zile, la sivyo mtamwona Ami Bakari ni mwendawazimu. Upande wa pili wa mpaka, Kenya, palikuwa na vita vya msituni, na magari yanayotoka Mombasa yalipekuliwa pale Horohoro mpaka chini ya viti. Neno kiapo, kile walichokula wapiganaji wa msituni, watu walilisema kwa kunong'ona. Na kwetu kulikuwa na chama kipya kilichodai uhuru. Watumishi wa serikali, walimu wakiwamo, walikatazwa kujiunga nacho, na wengine waliojiunga hawakupenda kuonekana. Sasa katika hali hiyo mwalimu mmoja anawachukua watoto wa watu vichakani, anawafundisha kutembea bila kusikika, kisha anasema anawaandaa wale kiapo kwa Mungu na Malkia!

"Malkia huyo shangazi yake nani hapa Ngamiani?" aliuliza Ami.  Baadhi ya wazazi walianza kuwatoa watoto wao kundini mmoja mmoja, huyu anaumwa tumbo, yule anahitajika shamba, na kila tulipokusanyika uwanjani tulikuwa wachache kuliko mara iliyotangulia.

Mimi nilibaki. Wallahi nilikuwa naipenda skauti! Zaidi ya yote nilipenda mchezo wa sinia. Mwalimu alipanga vitu vidogo vidogo kwenye sinia, kifungo, ufunguo, punje ya karafuu, tunatazama kidogo, kisha anafunika kwa kitambaa, nasi tunataja vilivyokuwamo. Sikuwa na mshindani. Baadaye akatutuma mitaani, twende turudi tumweleze tulichokiona. "Watu wengi hutazama," alisema. "Skauti huona."

Basi nikaanza kuona. Na pale nyumbani, kitu kilichokuwa rahisi kuliko vyote kukiona kilikuwa viatu.

Mnajua desturi yetu, mtu haingii na viatu penye mkeka. Siku hizo, baada ya alasiri, wanaume walikuwa wakija dukani kwa baba, mlango unarudishwa, na makubadhi yao yanabaki kizingitini. Baba alisema wanakuja kupimwa kanzu. Mimi nilikaa nje na ile safu ya viatu, na katika muda mfupi nikawa nawajua wenyewe bila kuona nyuso. Kile chenye ukanda ulioshonwa kwa uzi mwekundu cha muuza kahawa. Kile kipana cha Ami. Hapo sikuwa na nia yoyote. Nilikuwa nafanya mazoezi.

Siku moja tunakula mchana, wali na papa wa nazi, sifa zikanipanda kichwani. Nikasema, "Baba, jana ulikuwa na mgeni asiye wa hapa. Anachechemea mguu wa kulia, na ametoka njia ya udongo mwekundu."

Tonge la baba likasimama njiani. "Nani kakwambia?"

"Hakuna. Nimeona viatu. Kimoja kimeliwa kisigino upande mmoja, na vyote vina udongo mwekundu." Nikangoja kusifiwa.

Mama aliangalia sahani yake. Baba alinitazama, na mtazamo ule sikuwahi kuuona kabla, si wa hasira. Hasira zake nilizijua, zilikuwa na kelele na zilipita upesi. Akauliza polepole, "Na Mwalimu wako, haya mambo unamsimulia?"

Nikasema bado, lakini atafurahi sana.

Kuanzia siku ile wageni wa baba waliingia na viatu vyao mikononi. Ungewaona ungecheka, watu wazima na heshima zao, wamebana makubadhi kwapani kama kuku wa kuibwa. Sikucheka. Kila nilipoingia dukani, mazungumzo yalikatika. Waliokuwa wakizungumza kwa moto walianza ghafla kuulizana bei ya kitambaa. Baba akanyoosha uzi ambao tayari ulikuwa umenyooka, akaniambia, "Nenda kacheze." Kabla ya hapo, nisipokaa nje na viatu, nilizoea kulala chini ya meza ya kukatia, miguu yake ikikanyaga mashine kando ya kichwa changu, nikisikiliza kila kitu. Sasa nilifukuzwa kwa upole, na upole ule uliniuma kuliko bakora.

Huko shuleni nako mambo yalikuwa yamechafuka. Tulikuwa uwanjani tunajifunza kupanga mahema nilipomwona mtu amesimama chini ya mwarobaini. Amevaa kanzu na kofia, mkononi ana tasbihi, mtu wa dini kabisa. Ila chini ya kanzu nikaona buti nyeusi zilizong'arishwa mpaka zinatoa mwanga. Nikamkimbilia Mwalimu. "Mwalimu, yule ni askari kanzu!"

Hakugeuka kumtazama. Alinishika bega, akasema kwa sauti ya chini, "Umeona vizuri, Hemedi. Sasa nyamaza nalo." Kisha akapiga filimbi tuendelee na mahema.

Baadaye nikawaona wote wawili darasani, wamekaa. Nilichungulia dirishani. Askari alikuwa akizungumza, Mwalimu amenipa mgongo, na mgongo hausemi neno. Nikarudi nyumbani roho juu. Kumbe Ami Bakari alikuwa na haki ya kumshuku! Mtu anayekaa kiti kwa kiti na askari kanzu ni wa kwao, nini kingine? Nikaukumbuka mchezo wa sinia, nikakumbuka tulivyotumwa mitaani, na utamu wote wa skauti ukaanza kunichachia mdomoni.

Siku chache baadaye, tunatoka shule, Mwalimu akanifuata mpaka kwenye ukingo wa uwanja. Mbingu ilikuwa nyeupe pe. Akasema, "Mwambie baba yako leo afunge duka mapema. Mvua kubwa inakuja."

"Mvua, Mwalimu?"

"Mwambie hivyo hivyo. Mwambie nimesema mimi."

Nikampelekea baba maneno yale kama yalivyo. Ami alikuwepo, akaruka. "Anatutisha! Unaona, Athumani? Anatutumia vitisho kwa mdomo wa mtoto wako mwenyewe!"  Baba akachomoa kitambaa kwenye mashine, akamwambia Ami awapitie wenziwe wasije, akafunga mlango, akaenda msikitini kuswali magharibi. Kabla hajarudi, askari walikuwa wameshafika. Walivunja kufuli, wakapekua mpaka ndani ya makasha ya vifungo, na wasikute mtu wala karatasi. Walikuta suruali moja isiyo na mguu wa pili.

Sasa sikilizeni akili ya binadamu aliyeshikwa na shaka. Badala ya kusema ametuokoa, watu wakasema, angejuaje? Kama si yeye aliyewaita, angejuaje siku na saa? Na mimi, nisiwafiche, nilisema hivyo hivyo moyoni. Baba akaikunja kaki yangu, akaiweka juu kabisa ya kabati. "Skauti imekwisha," akasema. Nililia mpaka kwikwi ikanishika. Nilimwambia nimeacha, sitamsimulia mtu lolote, naapa. Akanifuta uso kwa kipande cha kitambaa, akasema najua, mwanangu, najua. Lakini siku ya pili nilipoingia dukani, mazungumzo yakakatika tena.

Haukupita muda Mwalimu Mhina akahamishwa, akapelekwa Mkwaja, huko mbali pwani, kwenye shule ambayo watu walisema haina hata paa zima. Kundi likavunjika. Siku ya kuondoka alipita mbele ya duka na sanduku la bati kichwani kwa mchukuzi. Alisimama, akatoa salamu. Baba alikuwa mlangoni. Aliinama akaanza kutafuta sindano sakafuni, akaitafuta mpaka Mwalimu alipopita kona. "Kazi yake hapa imekwisha," alisema Ami. "Wamempeleka akapeleleze wengine."

Uhuru ukaja, tukacheza ngoma. Nikakua, nikapata kazi, nikaoa. Baba akawa mzee wa chama, akakaa viti vya mbele, hakuna tena la kuficha. Na bado, jamani, kila nilipoingia alipokuwa na wenziwe, sauti yake ilishuka. Nadhani mwenyewe hakujua. Ilikuwa imeshamwingia mwilini, kama mtu aliyewahi kuteguka mguu anavyoukanyagia kwa uangalifu hata baada ya kupona.

Ukweli tuliupata miaka mingi baadaye katika khitma ya jirani, nao ulisemwa na mzee mmoja aliyekuwa tarishi wa ofisi ya serikali enzi za Waingereza. Alikuwa akisimulia tu, akinywa kahawa, hajui anamsimulia nani. Alisema palikuwa na mwalimu mmoja wa skauti aliyeitwa na wakubwa, akatakiwa awatumie watoto kuleta habari za nyumbani kwao, hasa nyumba ya fundi mmoja ambaye mwanawe ana macho makali. Mwalimu akakataa. Akawaambia, wale nimewafundisha kuona, sikuwafundisha kusema. Wakamwambia basi watakwenda kuipekua wenyewe, kisha wakamhamisha.

Baba aliweka kikombe chini. Kesho yake alfajiri alipanda basi la Muheza, peke yake, akakataa nimsindikize. Alirudi jioni na kikapu cha machungwa. "Amefariki," alisema. "Mkewe yupo. Nimemwambia mimi ni nani, akasema analijua jina langu. Akanipa machungwa." Akakaa kwenye benchi, akalia waziwazi, mbele yangu na mbele ya wateja.

Utotoni nilidhani baba alinikasirikia. Mtoto atajuaje kwamba mtu mzima, baba yake mzazi, anaweza kumwogopa? Alinipenda, na aliogopa macho yangu, na mambo hayo mawili aliyabeba pamoja miaka yote ile, wala mimi sikuona, pamoja na sifa zangu zote za kuona.

Watu walipoondoka aliniita nikae karibu. Akaanza kunieleza mambo ya dukani mwaka ule. Nani alikuja, nani aliketi wapi juu ya mkeka, yule mgeni mchechemeaji alitoka wapi na alileta habari gani. Alisema kwa sauti kubwa, ya mtu asiyejali nani anapita nje. Nilikuwa nayajua karibu yote. Mahali pawili patatu alikosea, akampa muuza kahawa nafasi ya mtu mwingine. Sikumsahihisha. Nilimuuliza, "Enhe, halafu?" naye akaendelea.