Jina Kati ya Maprofesa Wawili

Nikiwa mwanafunzi nilikaa Kimana miezi mitatu, nikijifunza majani ya kutibu ng'ombe. Mama mmoja mfugaji alinifundisha yote, tukizunguka malishoni viatu vikilowa umande. Nilipoandika tasnifu, msimamizi wangu aliuliza, "Hii umeitoa kitabu gani?"

"Nimefundishwa na mama mmoja."

"Basi tafuta kitabu."

Nilitafuta, nikakosa. Nikaliandika jina lake kwenye marejeo, kati ya maprofesa wawili. Msimamizi aliyasoma marejeo, kisha akaipitisha tasnifu.

Nilimpelekea mama nakala. Hakujua kusoma, kwa hiyo nilimwonyesha jina lake. Akaligusa kwa kidole. "Na mama yangu je? Mimi nilifundishwa na yeye."

Nikaliandika jina la mama yake pembeni kwa kalamu. Siku hizi nafundisha, naishi Kitengela, na nikisahihisha marejeo ya wanafunzi hamu ya Kimana hunishika.