Macho Mapya ya Beno na Shikamoo Zake

Mtaa mzima wa Viwanja Sitini ulikubaliana kwamba hakuna kijana mwenye adabu kama Beno wa mashine ya kukoboa mpunga. Beno alimwamkia kila mtu shikamoo: wazee, rika lake, hata wasichana waliotumwa na mama zao kuleta mpunga. Wapo vijana waliopita mashineni makusudi, hawana hata punje ya kukoboa, ili tu waitikie "marahaba" na kuondoka kifua mbele.

Ukweli aliujua Beno mwenyewe. Mboni zake zilikuwa zimechongoka kama kichuguu, na miwani ya kila aina ilishindwa. Akimtazama mtu mmoja aliona watatu, sura zao zimevurugika kama picha iliyonyeshewa. Basi akaona heri amwamkie mtoto kuliko amkosee mzee. Siku moja aliliamkia gunia la pumba lililosimamishwa mlangoni. Gunia likanyamaza, na Beno akanung'unika kwamba watu wengine wana majivuno.

Ni kwa sababu ya adabu hiyohiyo Mzee Dionisi wa Katindiuka, nje kidogo ya mji, aliyekwisha kuwafukuza wachumba wawili wenye vyeti vyao, alikubali kumwoza binti yake Agnella. Tangazo la kwanza la ndoa likasomwa kanisani. Yakabaki mawili.

Beno alikuwa na haja moja: amwone mchumba wake kabla ya kumwoa. Sauti aliijua, mwendo aliujua, uso bado. Alikuwa amepimwa Dar es Salaam miezi ya nyuma, na wiki ile akaitwa akachukue lenzi zake. Zilikuwa lenzi ngumu, pana kuliko mboni, za kukaa juu ya weupe wa jicho zikiwa zimejazwa maji ya dawa. Asubuhi unazivaa, kabla ya kulala unazitoa kwa kimpira kinachonyonya.

Akarudi anaona. Wa kwanza kukutana naye stendi alikuwa Fredy wa bodaboda.

"Mambo, Fredy?"

Fredy akazima pikipiki. "Mambo? Mimi?"

"Si wewe ni mdogo wangu kabisa! Hata ndevu huna."

"Miaka yote unaniamkia, leo ndiyo umeona sina ndevu?"

Jua halijazama, habari ilishafika Katindiuka: Beno amewekewa macho ya Dar, nayo yana kiburi. Kesho yake Mzee Dionisi akamwita.

"Nasikia siku hizi unachagua wa kumwamkia. Nikienda kwa padre nikasimamisha tangazo, utanilaumu?"

Beno akaona bora aseme kweli. "Baba, zamani nilikuwa sioni. Niliamkia kila kilichosimama, hata gunia."

Kweli ikaharibu zaidi. "Kwa hiyo shikamoo zangu zote hizo nilikuwa nagawana na magunia?"

Jikoni Agnella akashindwa kujizuia, akaangua kicheko.

"Yatoe hayo macho," mzee akaamuru.

Mama Aurelia, mke wa mzee, akaleta maji. Beno akanawa, akakausha mikono, akabandika kimpira jichoni, akavuta.

"Yesu na Maria!" Mama Aurelia akatoka mbio.

Mzee naye miguu ilimwasha, lakini mwenye nyumba hakimbii. Aliinuka kitini akasogea tu, taratibu, mpaka dirishani. Lenzi ya pili ilipotoka, Beno akainama kwa unyenyekevu mbele ya kiti kitupu.

"Shikamoo, baba."

Mzee Dionisi akautazama ule mgongo uliopinda. Maishani mwake hakuwahi kuona mtu akikiheshimu kiti chake namna ile.

"Marahaba," akaitikia kutoka dirishani. "Huyu ndiye kijana niliyemkubali mimi. Hayo mengine avae kazini. Kwangu aje hivihivi."

Agnella akamsindikiza, kopo la maji mkononi. Walipofika barabarani Beno akanawa, akazijaza lenzi dawa ya kichupa cha mfukoni, akainamisha uso, akazirudisha. Kisha akainua macho.

"Unaniona?"

"Nakuona."

"Wangapi?"

"Mmoja." Akasogea karibu. "Kumbe una mwanya."

"Ninao tangu zamani. Sasa sikia: mpaka tangazo la tatu lisomwe, mwamkie kila utakayekutana naye."

Beno akarudi mjini anaona mpaka jani la mwisho la mti, huku akigawa shikamoo kushoto na kulia. Pale stendi Fredy alikuwa akimngoja.

"Shikamoo, Fredy."

"Marahaba, mwanangu," akaitikia Fredy, kidevu juu, laini kama yai; na Beno akakiona vizuri sana.