Ng'ombe wa Mahari Kwenye Bustani ya Mji

Jamani, hii nawasimulia kwa sababu nusu ya Bariadi wanaijua tayari na kila anayeisimulia anaongeza chumvi yake, bora mwenyewe niiseme ilivyokuwa: mimi Maduhu, mtu mzima na ndevu zangu, niliaibika mchana kweupe mbele ya mchumba, wakwe, wateja na kwaya nzima ya kanisa, na wa kumlaumu simwoni.

Wakati huo nilikuwa na kibali cha kuuza soda na chipsi kwenye bustani ya mji, ile iliyo nyuma ya ofisi za halmashauri. Kibali chenyewe kilikuwa cha majaribio, na afisa biashara, mama mmoja mpole wa sauti lakini habembelezeki, alinipa sharti moja akalirudia kama anamtuma mtoto dukani: mifugo isikanyage humo. Nikacheka (mifugo tena, mama, mimi mfanyabiashara!), nikaapa, nikaweka miavuli yangu.

Sasa mchumba wangu ni Kabula, na baba yake, Mzee Nkuba, anakaa Somanda kwenye kichochoro ambacho hata bajaji inaingia kwa kuomba. Ng'ombe wa mahari walikuwa wanakuja na fuso kutoka Bukundi, wakiletwa na baba mdogo, na kwetu ng'ombe wa mahari hawapokelewi hivi hivi: wazee wa upande wa binti wanawakagua mmoja mmoja, meno, kwato, kiwele, na wakimkataa yeyote anarudi kwenu na aibu yake. Wakaguliwe wapi? Hapo ndipo kiherehere kikanipanda, nikasema, "Tushushie pale kwangu, Jumamosi ofisi imefungwa." Kwangu! Bustani ya mji nikaiita kwangu, ili tu mkwe aone binti yake hajaangukia kwa mtu wa hovyo.

Jumamosi ikafika. Mzee Nkuba na wazee wenzake wakaja pamoja na Kabula, tukaamkiana, "Mwadila," "Mwadila, baba," nikawakalisha chini ya miavuli, nikawapa soda za bure, raha mustarehe. Fuso likashusha, baba mdogo na dereva wakaenda kutafuta maji ya kunywesha, na ng'ombe, kwa njaa ya safari, hawakusubiri kukaguliwa, wakaingia moja kwa moja kwenye maua ya halmashauri. Dume moja likapita katikati ya meza likatoka na mwavuli kwenye pembe, kwaya iliyokuja kupiga picha ikapanda juu ya mabenchi na majoho yao, mimi nafukuza ng'ombe kwa kitambaa cha kufutia meza, na katikati ya vurugu hiyo nikamwona afisa biashara anaingia getini na mgambo wawili. Kumbe alikuwa ofisini anamalizia kazi zake, akasikia kelele.

"Maduhu, ng'ombe hawa wa nani?"

Ningesema kweli pale pale, leo nisingekuwa na cha kusimulia. Lakini niliona kibali kinaondoka, na mdomo ukafunguka wenyewe: "Hata sijui, mama. Nadhani wanapita tu."

Mzee Nkuba alikuwa ameinama, ameshika ukwato wa mtamba. Akauachia taratibu. "Bhebhe Maduhu, wewe, si umesema ng'ombe zako hizi?"

Nikajifanya sijasikia (mkwe, fikirieni, mkwe!). Afisa akawageukia mgambo: "Kama hawana mwenyewe, wapelekeni zizi la halmashauri."

Wakati huo jike mmoja mwekundu, niliyemlea mwenyewe kwa chupa baada ya mama yake kufa, akaniona. Akaja polepole, akaanza kunilamba shingo. Nikamsukuma, akarudi, akanilamba sikio. Mgambo mmoja alicheka mpaka akakaa chini.

"Huyu mpita njia mbona anakujua?" afisa akauliza.

Mzee Nkuba akavaa kofia yake. "Kabula, twende nyumbani. Mtu anayekana ng'ombe zake hadharani, na wewe atakukana."

Kabula hakulia wala hakunitukana. Alichukua mkoba wake, akanitazama kama mtu asiyenifahamu, akaanza kutembea kuelekea getini. Niliogopa, jamani, sijawahi kuogopa vile. Nikapaza sauti mpaka watu wa barabarani wakasimama: "Wangu! Ni wangu wote, mama! Hata huyo mwenye mwavuli!"

Afisa alinishukuru kwa kusema kweli, na kibali akakichukua hapo hapo. Mzee Nkuba akavua tena kofia, ng'ombe wakapokelewa, ila akaniongezea faini ya mbuzi kwa kuwavunjia heshima wakwe, na maua nikaamriwa niyapande upya kwa mikono yangu. Kabula hakuniongelesha siku zote hizo, mpaka alipopita nikiwa nimepiga magoti kwenye matope, akasimama, akasema, "Hiyo mistari imepinda," akavua viatu akashika jembe.

Ndiyo maana siku hizi mkiniuliza kitu ni cha nani, na ni changu, nasema ni changu kabla hamjamaliza kuuliza, hata kama kimesimama na maua ya serikali mdomoni.