Ruba Katika Bwawa la Mama

Mama alizaliwa Walikale, msituni, akaolewa kwetu Nyamitaba, kwa watu wa ng'ombe na maharagwe ambao waliwaona samaki kama wadudu tu. Alichimba bwawa dogo chini ya shamba, akafuga samaki aliopewa na ndugu zake. Pale kilimani hakuwa na kitu kingine cha kuita chake.

Kisha ruba wakaingia, ile minyoo myeusi inayonyonya damu. Waliwaganda samaki mashavuni, na mmoja akajificha puani mwa ndama aliyekunywa pale. Babu, baba yake baba, alikasirika sana. Kwetu mkamwana na baba mkwe hawakusemezana, kwa hiyo, ingawa Mama alisimama hapo hapo, maneno yalipitia kwangu.

"Ambia mama yako: ruba ikibaki mu ile maji, nitafunika shimo yake na udongo."

Nikarudia kila neno, kana kwamba Mama ni kiziwi. Kazi hiyo ilinichosha.

Mama alihamishia samaki kwenye mtungi, akafungulia maji ya bwawa, akaacha tope likauke juani, akamwaga majivu juu yake. Lakini ruba walikuwa bado wamewang'ang'ania samaki, na ukiwavuta wanachana ngozi. Kwao msituni watu waliwatoa ruba miguuni kwa chumvi. Miaka ile, baada ya uhuru, malori yalifika mara chache, na chumvi tuliitunza kuliko nguo za kanisani. Mama aliimimina yote kwenye beseni la maji, akawatumbukiza samaki mmoja mmoja na kuwatoa haraka. Ruba wakajikunja, wakaachia. Nilishangilia, halafu nikakumbuka chakula cha jioni.

Maharagwe yalikuwa hayana ladha hata kidogo. Nilinuna waziwazi. Babu alionja, akatua mkono.

"Uliza mama yako chumvi iko wapi."

Mama, aliyekuwa karibu na moto, alijibu akiangalia chini. "Umuambie babu yako, ilikwisha kwa samaki. Ruba yote imekufa."

Nikarudia. Nikaogopa, maana nilizijua hasira za Babu na nilijua Mama asingemjibu. Lakini Babu akaendelea kula, tonge baada ya tonge, mpaka sahani ikabaki tupu. Akainua uso, akanipita mimi kwa macho, akamtazama Mama mwenyewe.

"Mama," akamwambia, "ongeza."