Kovu la Trilobiti

Twahiru ameshona nguo Nyamirambo miaka thelathini na mmoja, na hana haja ya kumuuliza mteja kazi yake. Huisoma kwenye nguo. Suruali ya dereva wa moto, pikipiki ya abiria, huchakaa mapajani kwa ndani. Shati la karani huisha viwikoni.

Jumatatu Béatha, mwalimu wa sayansi, alimletea picha ya kisukuku cha trilobiti, jamaa wa mbali wa kaa, aliyetoweka baharini zamani mno akabaki jiwe. Alitaka sanamu yake ya kitambaa kwa mashindano ya shule kule Remera. Kibao alikuwa ameshakiandika: MWINDAJI MKALI WA BAHARI.

"Mtilie meno mawili mbele, mzee. Na hapa ubavuni jiwe limemeguka, pajaze."

Twahiru alivaa miwani. "Meno umeyaona wapi?"

"Sijayaona. Ila majaji wanapenda mnyama mkali."

"Macho yake yako juu ya kichwa, mwalimu. Huyu aliogopa kitu cha juu. Na mgongo una mikunjo kama marinda, alikuwa akijiviringa. Mtu wa matopeni huyu."

"Ehee! Fundi wa suruali leo profesa!"

"Kwani ganda si vazi?" Kidole chake kilishuka ubavuni. "Na hapa hapakumeguka. Jiwe likivunjika, kingo hubaki kali. Hizi zimejikunja, zimepona. Aling'atwa akiwa hai."

"Hata mwindaji hung'atwa."

"Kweli," Twahiru alikubali. "Hapo sijui. Basi wewe usiandike mwindaji, nami nisishone meno."

"Bila meno tutashindwa, mzee."

"Mshindwe."

"Mafundi wamejaa mtaa huu."

"Wamejaa. Nenda."

Béatha alichukua picha, lakini mlangoni alisimama, akapitisha ukucha kwenye ule ukingo. Alikuwa na picha hiyo mwezi mzima.

"Wanafunzi nilishawaambia jiwe lilimeguka," alisema polepole.

"Kesho waambie ulikosea."

Kumvisha marehemu sifa asizokuwa nazo ni uongo, hata marehemu awe mdudu. Béatha alirudi, akaketi, akakipindua kibao na kuandika nyuma yake: HUENDA ALIISHI MATOPENI. ALING'ATWA, AKAPONA.

Ijumaa shule yake haikupata hata nafasi ya tatu. Watoto, hata hivyo, walipanga foleni kutia vidole kwenye lile pengo ubavuni mwa sanamu. Twahiru alikuwa amelipinda kwa mkono, si kwa cherehani.