Ndege wa Mwamba kwa Ukuta wa Halima

Niliondoka Kinna kwa sababu moja: kumleta mdogo wangu Halima nyumbani. Mume wake alikuwa amekufa, eda imeisha, mtoto hana. Miaka ya sabini ilikuwa inaelekea mwisho, na mimi sikutaka kusikia eti dada yangu anakaa Isiolo peke yake kama ngamia aliyeachwa.

Asubuhi nilipanda lori ya mbuzi wa kuuzwa. Nilibeba kibuyu cha maziwa na ndizi za mashamba ya Rapsu. Kituo cha Kula Mawe tulisimama kidogo. Nikakaa kwa kivuli cha lori, nikapanga maneno yangu. Nitamwambia afunge vitu. Basi.

Isiolo tulifika wakati wa adhuhuri. Halima alinipikia buna, ile kahawa yetu ya kukaangwa na samli. Sikungoja imalizike.

"Hii nyumba unabomoa lini?"

Akacheka. "Dada, hii ni mawe na mabati. Haipandi ngamia."

Kwetu nyumba ni ya mwanamke. Anaibomoa mwenyewe, miti na mikeka, anaipakia, anahama nayo. Nyumba isiyobebeka mimi siielewi.

Ukutani kulikuwa na picha. Marehemu mume wake alikuwa mpishi wa mzungu, afisa wa mifugo, na mzungu akirudi kwao alimwachia. Ni bahari, katikati mwamba mkubwa, juu yake ndege wamebanana, mayai juu ya jiwe tupu.

"Wavivu hawa," nikasema. "Hata kijiti cha kujengea wamekosa?"

Jioni mlango ukasukumwa bila hodi. Ni Mama Ekai, jirani Mturkana, na mtungi wa maji. "Halima, umekula?" Kabla ajibiwe, akaingia mama Mmeru na mboga, halafu Msomali wa nyumba ya pili na sukari. Wote wanaongea pamoja, hakuna anayesikiliza.

Mama Ekai anajua kusoma. Alisoma maandishi ya chini ya picha, akasema hao ndege wamechorwa karne iliyopita.

"Na mpaka leo wanasukumana," nikasema.

"Hawasukumani, dada. Wanakaa karibu," Halima akajibu. "Mimi siendi Kinna."

Mama Ekai akashika kiuno. "Mama, ukimchukua huyu utuchukue sote. Lakini mimi kukamua ngamia sijui!"

Nilicheka, na sikuwa nimetaka kucheka.

Asubuhi Halima alitoa picha ukutani, akaifunga kwa leso yake. "Ukinikumbuka, angalia. Mimi ni yule wa pembeni, mdomo wazi."

"Huyo nilimjua kabla uniambie," nikamwambia.

Kinna nilirudi bila mdogo wangu, lakini bila wasiwasi. Nilijifunza kwamba mtu anaweza kukaa mbali na asiwe peke yake. Picha niliifunga kwa miti ya nyumba yangu. Tukihama, mwamba wa Halima ndio mzigo wa kwanza kupanda ngamia.