Mabanzi ya Kupashia Bwawa

Ukitaka kuogelea Makambako mwezi wa sita, kwanza ukubali kwamba una kichaa kidogo. Mimi nilishakubali. Nyumba yangu iko Lyamkena, mahali ambapo upepo hauna adabu hata kidogo, na nyuma ya nyumba hiyo nilichimba bwawa la kuogelea kwa sababu wajukuu wangu wa Dar es Salaam walisema kwa babu hakuna cha kufanya. Nilikuwa nimestaafu na kiinua mgongo changu mkononi, nikaona nisishindwe na watoto. Mke wangu alisema afadhali tungejenga jiko la kuni uani. Nikamjibu kwamba jiko la kuni ni mambo ya kijijini.

Likizo ya kwanza wajukuu walichovya vidole, wakarudi ndani kuchezea simu. Iliniuma sana. Nikaanza kutafuta njia ya kupasha maji yale bila kufilisika, na kazi hiyo ikanikolea kuliko kazi yoyote niliyowahi kulipwa mshahara.

Hita ya umeme niliijaribu siku chache tu. Luku, ile mita ya umeme wa kununua, ililia kama mtoto mwenye njaa. Fundi mmoja wa Njombe akanizungushia mipira myeusi juu ya bati, pampu ikawa inapandisha maji yakapigwe na jua kisha yarudi bwawani. Mwezi wa kumi mambo yalikwenda vizuri hata nikajisifu nje ya kanisa. Mwezi wa sita jua lenyewe linachungulia tu kwenye ukungu na kuondoka, na kile kijoto kilichopatikana mchana upepo unakibeba usiku, maana maji hupotezea joto juu, pale yanapokutana na hewa. Fundi akaniambia nifanye mambo mawili: nifunike maji, na nitafute moto wa bei ndogo.

Moto wa bei ndogo kwetu ni mabanzi, yale magamba ya magogo yanayobaki mashine zikishapasua mbao. Fundi akachomelea pipa la chuma na kupitisha bomba ndani yake. Unawasha mabanzi chini, maji yanaingia ya baridi upande huu na kutoka yanafuka upande ule. Kwa kufunika, nilianza na nailoni, upepo ukaichana. Nikanunua turubai kubwa la bluu, nikasimamisha na nguzo za kulifungia juu ya bwawa lote. Nilijiona nimemaliza chuo.

Sasa niseme habari za mama yangu. Pasaka ilipopita nilimchukua kutoka Kitandililo, alikozaliwa na kuzeekea, kwa kuwa miguu yake ilikuwa imeanza kukataa kumbeba. Nilimpa chumba cha mbele chenye vigae, dari nyeupe na godoro nene. Siku ya pili tu aliniuliza, "Mwanangu, moto huwa mnaota wapi?"

Nikamwambia hapa mjini hatuoti moto, tunapikia gesi. Akaitazama ile dari. Baada ya siku chache akaomba nimrudishe kwake akakae jikoni kwake, basi, hahitaji kingine. Nikakataa. Nilikuwa na sababu nzuri, kwamba kule hakuna wa kumwangalia. Nilikuwa pia na sababu mbaya, kwamba watu wangesema nimemrudisha mama kijijini na mimi nina nyumba kama hii. Kuhusu moto nilikuwa na maelezo tayari: jiko la mkaa chumbani linaua, na moto wa uani ungepaka masizi ukuta wangu mpya. Hakuuliza tena. Kila asubuhi nilimpa mkono, "Kamwene, mama," nikakuta vidole vyake vya baridi, nikasema baridi ya mwaka huu imezidi. Halafu nilikwenda nyuma ya nyumba kupima maji ya bwawa.

Wajukuu walikuwa waje Jumamosi. Niliagiza Fuso zima la mabanzi, na dereva aliponipigia simu kwamba amepotea, nilimwambia aulize hapo dukani nyumba ya mzee anayemuuguza mama yake. Akauliza. Pale dukani watu wakaliona Fuso la kuni likikata kona kuja kwangu. Nyuma yake likafuata gari la mwanangu kutoka Dar es Salaam, limejaa watu na mabegi. Muda si mrefu wakaona turubai likifungwa kwenye nguzo na moshi mzito ukipanda. Kuni za lori, ndugu kutoka mbali, turubai: kwetu vitu hivyo vitatu havihitaji tangazo. Mimi peke yangu, mtu wa hapa hapa, sikuliona hilo, kwa sababu akili yangu yote ilikuwa kwenye maji.

Majirani walikuja alasiri. Wajukuu walikuwa bwawani wakirushiana maji, nami nimesimama ukingoni na kaptura ya kuogelea, taulo shingoni, kitambi nje. Nilikuwa na furaha ambayo sitaificha. Ndipo nikasikia kilio getini. Mwanamke mmoja alianza, wengine wakampokea, kilio kikaizunguka nyumba kuelekea kwenye turubai, maana chini ya turubai ndipo wafiwa hukaa. Wakatokeza wanawake wa mtaa mzima, khanga kiunoni, wengine na mizigo ya kuni kichwani, wengine na mabeseni ya unga na maharage. Wakatukuta sisi.

Kilio kilikatika kidogo kidogo, wa mbele wakinyamaza na wa nyuma wakiendelea kwa kuwa walikuwa hawajaona. Kiongozi wao, mama mmoja wa kanisani ambaye mimi humwita dada, alishusha mzigo wake.

"Tumesikia mama amepumzika," alisema.

"Hapana, dada. Yupo ndani."

"Na hizi kuni za Fuso?"

"Za kupashia maji."

"Maji ya kumwogesha mama?"

Nilionyesha bwawa kwa mkono, na mvuke ulikuwa ukitoka pale kama chungu cha makande. Hakuna aliyecheka. Ningetoa chochote wacheke, wanitanie, waondoke wakinisimulia sokoni mwaka mzima. Walitazama chini tu, kwa heshima, jinsi watu wanavyoinamisha macho mbele ya mtu aliyevuliwa nguo.

Dada akaomba wamsalimie mama. Nilivaa suruali juu ya kaptura iliyolowa, nikawaongoza. Mama alikuwa ameketi kitandani, shuka hadi kidevuni, macho makavu kabisa.

"Nimewasikia," alisema. "Mmelia vizuri. Nimeridhika."

Hapo walicheka, wakamshika mikono mmoja mmoja. Dada alipoishika hakuiachia. Aliigeuzageuza, akaipulizia, akaniangalia mara moja tu. Kisha akawaambia wenzake, "Mama ana baridi." Sikuombwa ruhusa. Walitoka uani, wakang'oa mawe kwenye bustani ya maua ya mke wangu, wakayapanga mafiga, na zile kuni walizoleta kwa ajili ya matanga wakaziwasha. Mama alikalishwa kitini, akabebwa hadi mbele ya moto. Alinyoosha mikono, akafumba macho, na mabega yake, ambayo nilidhani yamepinda kwa uzee, yakashuka taratibu yakakaa mahali pake.

Nilisimama ukutani, suruali imeniganda mapajani. Nilitamani ardhi ipasuke.

Mmoja wao, mwenye ulimi usio na breki, alishindwa kujizuia. "Mama, kumbe mwanao ana kuni za kuchemshia mto mzima, na wewe..."

"Msimseme mwanangu," mama alimkata. "Tangu nifike hapa namwona hali yake si nzuri. Nilimwomba moto mara moja, nikaona uso wake, nikajua hana. Ningemwomba tena ningemwaibisha mbele ya mke wake. Leo Mungu kamjalia kapata."

Nyuma yangu wajukuu walikuwa bado wakipiga kelele kwenye maji ya moto, na kila mtu pale aliwasikia, mama pia.

Akageuza kichwa kunitafuta. "Njoo uote, mwanangu," alisema, akasogeza kiti chake kunipisha. "Umelowa."